Dhamiri ya Saidia Fundi

Swali langu ni dogo, lakini limenikaa kichwani tangu nianze kujifunza ufundi umeme huku kwetu Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa. Je, mtu anayejifunza kazi ana dhamiri yake mwenyewe, au dhamiri yake inakaa mfukoni mwa fundi wake mpaka siku atakapofuzu?

Ndugu msomaji, usinielewe vibaya. Siulizi kama ni vizuri kumheshimu fundi. Hilo halina mjadala. Asubuhi namwamkia, nambebea ngazi, namshikia tochi, natindua ukuta kwa patasi na nyundo mpaka viganja vinatoka malengelenge. Mshahara hakuna. Kuna ugali wa mchana, na siku ikiwa njema, hela ya sabuni. Serikalini wanaita uanagenzi; sisi tunasema tu "yuko kwa fundi". Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama bila kinyongo.

Ninachouliza ni hiki: fundi akiniamuru nifanye jambo ambalo ninajua linaweza kumwua mtu, nani kalifanya? Yeye mwenye mdomo au mimi mwenye mikono?

Labda wewe wa mjini unaona nakuza mambo. Basi ngoja nieleze kazi yenyewe ilivyo.

Mkoa wetu wa Ruvuma ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, tukitegemea zaidi majenereta ya dizeli, mpaka njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea mwaka 2018. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ukawa unasambaza nguzo vijijini, na gharama ya kuunganishiwa umeme kijijini ikawekwa shilingi 27,000. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini bei hiyo inaishia kwenye mita ya LUKU. Kuanzia mita kwenda ndani, yaani nyaya, swichi, soketi, sakiti breka na jasho la fundi, ni juu ya mwenye nyumba. Sheria inataka kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Wasio na leseni mnawajua jina lao: vishoka. Kishoka anazaliwa palepale katikati ya shilingi 27,000 na bei halisi ya kuwasha taa.

Sasa, katika nyaya zinazoingia kwenye soketi, mmoja ni wa moto, mmoja ni nyutro, na wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, ni waya wa ardhi. Sisi tunauita ethi. Unakwenda kuishia nje, kwenye nondo ya shaba iliyopigwa ardhini. Ajabu ya ethi ni kwamba siku zote haina kazi. Iondoe uone: taa itawaka, redio italia, simu itajaa chaji. Kazi yake ni ya siku moja tu, siku ile waya wa moto unapochubuka ndani ya pasi au friji na kugusa chuma. Hapo umeme hupata njia nyepesi ya kukimbilia, mkondo unapanda, na breka inaweza kukata. Kama ethi haipo, breka haikati kitu. Chuma kinakaa kimya na volti zake 230, kinasubiri mkono.

Hebu tupige hesabu ndogo. Mwili wa mtu aliyelowa maji unaweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000. Gawanya volti 230 kwa 1,000, unapata chini ya robo ampia. Huo ni mkondo unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na unatosha kusimamisha moyo. Breka ya ampia 20 hata haishtuki. Kwa breka, mtu anayekufa na taa inayowaka ni kitu kimoja. Na sisi ni watu wa ziwani, bwana. Tunatoka kuvua alfajiri tumelowa, peku, tunaingia ndani.

Basi tulikuwa na kazi ya vyumba viwili kwa mama mmoja anayeuza usipa. Tulipofika mwisho fundi akaniambia, "Dogo, nondo tuiache. Chimba hapo nje, fukia kipande cha waya kichwa kitokeze kidogo, halafu shindilia udongo. Mama huyu hela hana."

Nikamwuliza, "Fundi, mwenyewe anajua?"

Akacheka. "Ajue nini? Yeye anataka taa."

Halafu akanieleza kwa upole, maana si mtu mbaya, na maneno yake hayakuwa ya kipuuzi. Alisema: kibatari kimeunguza nyumba ngapi ukanda huu wa ziwa? Ukimwambia mama bei kamili, ataahirisha mwaka mzima. Mwaka mzima watoto wake watasoma kwa moshi. Leo nikimwachia nondo, usiku huu analala kwenye mwanga. Wewe mwenye vitabu vyako, niambie, nani anampenda mama huyu zaidi?

Nakiri hoja hiyo ni nzito. Ninaijibu hapa taratibu kwa sababu pale uwanjani sikuwa na jibu lote. Nilichomwambia ni kwamba kuchimba nitachimba, ila kufukia waya wa uongo siwezi, na nikamwomba tumweleze mama mwenyewe. Hakunigombeza. Alikusanya vifaa vyake akaondoka, na siku tatu hakuniita kazini. Kwa anayejifunza bila malipo, siku tatu za kutoitwa si adhabu ndogo: huna fundi mwingine, huna cheti, na nyumbani wanakutazama.

Mama alipokuja kuuliza kazi imesimama kwa nini, nilimweleza kama nilivyokueleza wewe. Akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo nondo ni shilingi ngapi?" Nilipomtajia akasema tungoje giza la mwezi, usipa utavuliwa, atalipa. Hazikuwa hata wiki tatu. Sisi wawili tulikuwa tumeshamhukumu kuwa hana, bila hata kumwuliza.

Lakini sitaki kujipatia ushindi wa bei rahisi. Angeweza kusema, "Endeleeni hivyohivyo, Mungu atanilinda." Mwingine atasema. Je, hoja ya fundi ingeshinda?

Mimi naona tuitenganishe mara mbili. Umaskini unampa mtu haki ya kuchagua kitu cha bei ndogo: balbu moja badala ya tano, chumba kimoja kwanza, au kile kifaa cha UMETA ambacho hakihitaji kutandaza nyaya nyumba nzima. Haumpi mtu mwingine haki ya kumchagulia hatari kimyakimya. Kibatari kina hatari, lakini mama anauona moto wake, anaujua, anamwambia mtoto asogee. Ile nondo isiyokuwepo haionekani. Juu yake kuna udongo na kipande cha waya kinachosema uongo. Kwa hiyo kosa halikuwa uhaba wa hela. Kosa lilikuwa kile kipande cha waya. Na hata mama angekubali, wapo watoto na wageni watakaoishika pasi ile ambao hakuna aliyewauliza.

Wagiriki walilijua tatizo hili kabla ya umeme. Katika Jamhuri ya Plato kuna kisa cha mchungaji Gyges aliyepata pete ya kumfanya asionekane, na swali likaulizwa: mtu asiyeonekana atakuwa na sababu gani ya kutenda haki? Fundi umeme anavaa pete hiyo kila siku. Kazi yake karibu yote imo ndani ya ukuta, juu ya dari, chini ya udongo. Mteja anabonyeza swichi, taa inawaka, anatoa hela. Hana jicho la kuona zaidi. Ndiyo maana mimi sidhani maadili ni pambo la ufundi huu, kama rangi juu ya ukuta. Pasipo maadili, nusu ya kazi haipo, maana nusu hiyo haina shahidi mwingine.

Turudi kwa anayejifunza. Wapo wanaosema mwanafunzi hana haki ya kuhukumu, kwani atahukumuje asichokijua? Nakubaliana nao nusu ya njia. Wiki ya kwanza, fundi angeniambia fukia, ningefukia, na lawama ingekuwa yake, kwa sababu kwangu waya wote ulikuwa waya tu. Utii wa asiyejua hauna doa. Lakini fundi huyohuyo ndiye aliyenifundisha ethi inafanya nini. Siku aliponifundisha, alinipa deni. Huwezi kumfundisha mtu halafu ukamwomba asijue.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zijenge vijana wenye akili ya kuhoji, si watu wa kupokea tu. Tumezoea kuyasoma hayo kama mambo ya darasani. Mimi naona yanahusu zaidi kule tunakojifunza kwa mikono: gereji, saluni, kwa fundi cherehani, kwa fundi mwashi. Huko ndiko wengi wetu tunakosomea, na huko ndiko tunakofundishwa kwamba kunyamaza ni sehemu ya kazi. Ukinyamaza miaka mitatu ya kujifunza, utaanza kusema lini? Siku ya leseni? Dhamiri haitolewi pamoja na mhuri.

Sisemi kila kijana amvimbie fundi wake. Fundi wangu amenirudisha, tunafanya kazi, na jambo lile hatujalizungumza tena. Sijui ananiona mkaidi au ananiona mtu. Ninachosema ni kiwango cha chini kabisa, ambacho hata saidia fundi asiye na senti anaweza kukimudu: asifiche. Akiambiwa apunguze, apunguze. Akiambiwa asubiri, asubiri. Lakini mkono wake usifukie uongo ambao akili yake inaujua.

Nanyi mnaotaka kuandika, ambao hamtashika plaizi maisha yenu yote, nawauliza: katika kazi yenu, ethi ni ipi? Ni kipi ambacho mkikiacha msomaji hatagundua, ukurasa utang'aa vilevile, mpaka siku atakapouegemea?