Majani Huzikwa, Hayachomwi

Jumamosi moja ya Julai, upepo wa kipupwe ukiwa umetuvalisha makoti mazito, nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Sumbawanga. Nilikuwa sijahudhuria kwa muda mrefu. Tulikaa uwanja wa shule, wengine kwenye mabenchi ya darasani, wengine kwenye nyasi zilizokauka. Mtendaji akasoma muhtasari wa kikao kilichopita.

Alipomaliza, mama mmoja mtu mzima alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, mwanangu," alisema kwa upole, "kikao kilichopita nilieleza habari ya kivuko cha watoto wa shule pale korongoni. Mbona sijakisikia?"

Mtendaji alipekua daftari mbele na nyuma. Hakikuwamo. Waliokuwapo siku ile walikumbuka kwamba mama alisema, tena walimpigia makofi. Makofi yalisikika, neno halikuandikwa. Mama hakugomba wala hakumtukana mtu. Aliomba liandikwe pale pale, akaomba asomewe lilivyoandikwa, kisha akaketi na kujifunika kitenge chake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni kero ngapi za mji huu tumezisema kwa uchungu na hazimo katika daftari lolote? Tunazisema sokoni, tunazisema juu ya bodaboda, tunazisema kilabuni na hata msibani. Taka hazijazolewa, mtaro umeziba, bomba limekauka, ushuru umepanda. Tunasema vizuri sana. Halafu siku ya mkutano tunawaacha wazee kumi na watoto wanaopita njia.

Hapa Ufipa tuna somo la zamani tunaloweza kulirudia. Majirani zetu wa upande wa Zambia walizoea kukata matawi ya miti, kuyachoma na kupanda kwenye majivu. Uwanda wetu wa juu hauna misitu mingi ya kukata, kwa hiyo wazee wetu walifanya vingine. Mvua zilipokuwa zinaelekea mwisho, walikata udongo kwa jembe pamoja na majani yake, wakayafunika ndani ya matuta ya mviringo, ntumba. Majani yalioza taratibu gizani. Msimu uliofuata matuta yakasambazwa, ulezi ukapandwa juu ya mbolea ile. Moto humaliza kazi kwa siku moja na kila mtu huuona. Tuta halionekani kuwa na kitu, lakini ndilo lililotulisha.

Hasira ya kijiweni ni ule moto. Inawaka, inatupa joto la jioni moja, asubuhi ni jivu. Neno lililoingia kwenye muhtasari ni jani lililozikwa kwenye tuta. Kutoka mkutano wa mtaa linaweza kupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kutoka hapo linakwenda kwenye kamati za halmashauri, kisha Baraza la Madiwani, ambalo hukaa kila robo ya mwaka na ambalo mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Hata jambo lililo mikononi mwa chombo kingine, kama barabara za mitaa zilizo chini ya TARURA tangu 2017, diwani anaweza kulisimamia vizuri zaidi akiwa na karatasi mkononi. Na lina msimu wake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na bajeti yake hupangwa miezi mingi kabla. Anayesubiri Julai ndipo alie, amefika shambani wenzake wakivuna.

Haki hii ya kusikilizwa mtaani haikuja bure. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchini, mambo yakaamuliwa na maofisa wa wilaya na mikoa. Mamlaka za miji zilirudishwa 1978, na sheria za 1982 zikarudisha mfumo mzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mwaka 1984, alikiri hadharani kwamba kuzifuta ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Leo Katiba yetu, ibara ya 146, inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili madaraka yafike kwa wananchi. Kiongozi mkubwa kiasi kile alikubali kwamba nchi ilipoteza kitu. Sisi tuliorudishiwa tunakipoteza tena kwa kutokwenda mkutanoni.

Siwaachi viongozi. Mwenyekiti asiyeitisha mikutano na mtendaji asiyebandika taarifa ya mapato na matumizi ukutani wanawanyima watu haki yao, na uchovu wa wananchi mara nyingi una mizizi hapo. Mtu akisema mara tatu asijibiwe, ya nne hukaa nyumbani. Lakini kiongozi wa namna hiyo hustawi palipo na viti vitupu. Mbele ya mama aliyekumbuka alichosema na kutaka kusomewa, hana pa kujificha.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wangu wa Katandala, Majengo, Chanji, Izia na kwingineko, na ninyi wa Laela, Matai na Namanyere. Mkutano ukitangazwa, nenda. Mpeleke na kijana wako, ajifunze mapema. Sema jambo moja, liseme kwa heshima, taja mahali na taja nani anaumia. Kisha usiondoke kabla hujasikia likisomwa kama lilivyoandikwa. Na kikao kijacho, kwenye yatokanayo, nyoosha mkono tena.

Kivuko cha pale korongoni bado hakijajengwa. Watoto bado wanaruka mawe, na mvua zikianza watazunguka njia ndefu. Lakini sasa kimo kwenye daftari la mtaa, kina tarehe, na kikao kijacho tutakwenda wengi kukiulizia.