Namba ya Samatta

Mtu anapopanga timu asikilize nini, hesabu au moyo? Swali hili lilinikuta hapa Hedaru mwaka 2020, kwenye kibanda cha fundi simu, kandokando ya barabara kuu.

Tarehe 1 Februari mwaka ule Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa kwa kichwa kule Bournemouth. Villa walilala 2-1, lakini nani alijali? Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na bao juu! Usiku uleule nikamsajili kwenye timu yangu ya Fantasy Premier League, ule mchezo wa kupanga wachezaji wa kweli na kuvuna pointi kwa wanayoyafanya uwanjani.

Shida ikawa mfumo. Nilikuwa napanga 3-5-2, na sababu ninayo: bao la kiungo lina pointi 5, la mshambuliaji 4. Ili Samatta apate namba bila kugusa washambuliaji wangu wawili, ilibidi niende 3-4-3, na kiungo mmoja mzuri akakae benchi.

Fundi alicheka. "Mdogo wangu, Samatta hajui hata kama upo. Umemsaidia nini?"

Sikuwa na jibu. Tarehe 1 Machi akafunga tena, fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, dhidi ya Manchester City. Nilipiga kelele mpaka wapita njia wakageuka. Pointi? Sifuri. Mchezo ule unahesabu mechi za Ligi Kuu tu, na huko hakufunga tena. Septemba akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Mimi nikashika mkia kati ya washikaji.

Sijuti. Aliyelipa ni mimi.

Kinachonisuta ni kingine. Mwaka uliofuata vijana wa mtaani walinipa kazi ya kupanga timu ya kweli, ya watu wenye miguu yao na mama zao. Binamu yangu alikuwemo, mshambuliaji wa kawaida tu. Nikafanya yaleyale: 3-5-2 ikawa 3-4-3 ili aingie. Kiungo niliyemtoa alikuwa ameteremka kutoka milimani tangu alfajiri, viatu mkononi asivichakaze. Hakulalamika. Alisema, "Sawa, kaka," akaketi benchi dakika zote tisini.

Nilijiambia ni moyo uleule. Wapi! Kwa Samatta nilitoa pointi zangu. Kwa binamu nilitoa nafasi ya mtu. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nami sibishi. Ila anayependa alipe mwenyewe. Akimlipisha mwingine, huo ni upendeleo, hata timu ikishinda.

Na siku ile tulishinda, bwana. Ndiyo maana hakuna aliyeniuliza. Basi najiuliza mwenyewe.