Kutoonekana si Kutokuwapo

Zamani mabaharia wa Ulaya walitupa majini kipande cha gogo kilichofungwa kamba ili wapime mwendo wa merikebu, na kipimo walichokipata wakakiandika kitabuni. Kitabu cha namna hiyo huitwa batli katika lugha yetu. Leo kompyuta nayo ina batli yake. Huandika mstari baada ya mstari: nani aliingia, amri gani ilitolewa, kosa gani lilitokea na saa ngapi. Katika mitambo mikubwa mistari hiyo huweza kufika mamilioni kwa siku moja, wala hapana jicho la mwanadamu liwezalo kuisoma yote. Kwa hiyo pametengenezwa vyombo vya kuitafutia. Na siku hizi wavitumiao si watu peke yao. Akili unde nayo hukabidhiwa chombo, ikatumwa kama wakala ikatafute na kuleta habari.

Hapa lazuka swali la maadili. Je, mtu aandikaye maelezo ya chombo hicho ana dhima kwa yale aliyoyanyamazia? Wengi watasema kuwa wajibu wake ni kusema kweli katika aliyoyasema. Naona wajibu huo ni nusu tu.

Tumfikiri kwanza msomaji wake. Fundi akipewa chombo asichokijua humwuliza mwenziwe, hukijaribu, hukitilia shaka. Wakala wa akili unde aghalabu hana mwenzi wa kumwuliza. Huonyeshwa jina la chombo, maneno machache ya kukieleza, na mambo anayotakiwa kuyajaza. Kwa hayo huchagua na kutenda. Kwake yeye, lisiloandikwa ni kama halipo.

Tuseme malipo ya hospitali moja ya Dar es Salaam yalikwama saa mbili asubuhi, ambayo kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane ni 08:00. Batli, kama zilivyo nyingi, imeandikwa kwa saa za dunia, zilizo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Basi kosa lile limeandikwa chini ya 05:00. Maelezo hayakulitaja jambo hilo. Wakala atafuta penye 08:00, haoni kitu, aleta habari kuwa mtambo ulikuwa mzima. Au tuseme chombo hurudisha mistari 100 ya kwanza na kuiacha mingine bila ya kusema, na kosa limo katika mstari wa 101. Mtambo ukishatakaswa, lawama itatafuta mtu, na karani wa zamu ndiye aliye karibu. Hapana aliyesema uongo. Walakini karani amedhulumiwa.

Kauli ya kwamba kitu hakikuonekana ni ushuhuda juu ya jicho; kauli ya kwamba hakikuwapo ni hukumu juu ya tukio lenyewe. Maelezo yasiyotaja upeo wa jicho huigeuza kauli ya kwanza kuwa ya pili, na kimya hicho hutenda kazi ya uongo.

Mafundi wa kale wa kazi hii waliitambua hatari hiyo. Kitabu cha maelezo ya Unix cha mwaka 1971 kilikuwa na fungu la kutaja kasoro za programu. Grep, chombo cha kutafutia maneno kilichotungwa na Ken Thompson na kutoka mwaka 1973, leo hutoa alama ya 0 kikiona kitu, 1 kikitafuta kisione, na zaidi ya 1 kikishindwa kutafuta. Kushindwa hakukuruhusiwa kuvaa nguo za kutokuwapo.

Watakuwapo watakaojibu kuwa maelezo marefu humlemea wakala, kwani nafasi yake ya kushika maneno ina mwisho. Tena mwenye kutangaza kasoro za chombo chake hujivunjia soko. Hoja ya kwanza ina uzito, lakini yatufunza kupunguza sifa, si kuficha mipaka. Sentensi nne zatosha: batli hufuata saa zipi, mistari mingapi hurudishwa, kumbukumbu hutunzwa siku ngapi kabla ya kufutwa, na jibu gani hutoka utafutaji ukishindwa. Hoja ya pili yasahau kuwa imani iliyojengwa juu ya kimya huvunjika siku inayohitajiwa sana.

Tena ipo sababu iliyo juu ya manufaa. Karani wa zamu hatayasoma maelezo yale kamwe, wala pengine hatajua kuwa yaliandikwa. Hakupewa nafasi ya kuuliza wala ya kukataa. Mwandishi humwandikia wakala, lakini deni lake ni kwa karani.