Haki ya Mjane na Ulimi wa Mwanafunzi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, likizo inakaribia na wenzetu wa sheria wanahangaika na barua za staji. Wengi wanataka benki, au wakili mwenye jina mjini. Siwalaumu, maisha ni magumu. Wachache hupelekwa kwenye ofisi ndogo za msaada wa kisheria mitaani, na hao hurudi kutuomba sisi wa masomo ya Kiislamu tuwasindikize, kwa sababu kanuni wamezisoma kwa Kifaransa na wenye shida wanasema Kirundi na Kiswahili. Ndivyo nilivyojikuta mwaka jana kwenye benchi la ofisi moja hapa Kajaga, nikiwa mkalimani.

Alikuja mama mmoja na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi. Mumewe amefariki, amemwachia watoto watatu, wa kwanza wa kiume. Kiwanja chao kiko upande wa ziwani. Mnajua viwanja vya huku vilivyopanda bei, hata baada ya maji ya Tanganyika kutuingilia majumbani 2024. Mashemeji wamemwambia mwanamke harithi ardhi, afunge mizigo arudi kwao.

Rafiki yangu wa sheria alinieleza tatizo. Burundi ina sheria ya watu na familia ya mwaka 1993, lakini mirathi haimo. Hakimu huangalia mila, na mila humpa ardhi mwanamume. Akaendelea kuandika.

Yule mama akanigeukia. "Mwanangu, wewe unayesoma dini, kwa dini mimi nina kitu?"

Nilijua jibu. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza wa faraidh analijua: mke mwenye watoto ana thumni, yaani 1/8, imo katika Suratun-Nisaa aya ya 12. Kinachobaki ni cha watoto, mvulana mafungu mawili na msichana fungu moja. Na kwa kuwa marehemu ameacha mtoto wa kiume, ndugu zake wamezuiliwa, hawapati hata shubiri. Lakini shemeji mkubwa namjua. Husimama safu ya kwanza msikitini, na ndiye aliyenilipia ada ya madrasa baba yangu alipokuwa hana kazi. Nikasema, "Mama, hayo tuwaachie wakubwa." Rafiki yangu akauliza amesema nini. Nikamjibu kwa Kifaransa kwamba anauliza habari za mila.

Angalieni nilivyofanya. Nilimpunguzia mama jibu, nikampunguzia na mwandishi swali, na hakuna aliyejua isipokuwa Allah.

Usiku nilipofungua kitabu nikakutana na aya ya 135 ya sura ileile, Mola anapotuamuru tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili Yake hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Nilikuwa naisoma kwa tajwidi nzuri tangu utotoni. Na aliyenilipia niijifunze ndiye yule yule niliyemwogopa.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bi Ummu Salama (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaonya watu walioleta ugomvi kwake: yeye ni binadamu, huenda mmoja wao ni hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, akahukumu kwa anayoyasikia, basi atakayepewa haki ya nduguye asiichukue, maana ni kipande cha moto. Katika mapokezi ya Abu Daud, ugomvi wenyewe ulikuwa wa mirathi ya zamani isiyo na ushahidi. Watu wawili hao waliposikia walilia, kila mmoja akamwachia mwenzake haki yake.

Kwa hiyo hukumu ya mila ikimpa shemeji kiwanja, haimfanyii halali. Siku ya ndoa sisi ni Waislamu, kadhi anaitwa na mahari yanahesabiwa. Siku ya mirathi tunakumbuka kwamba tuna mila.

Wapo watakaosema ofisi hizi si za Kiislamu, tunatafuta nini huko. Hilful-Fudhul pia haikuwa ya Kiislamu. Mfanyabiashara wa Zubaid aliuza mali Makka, Al-Aas bin Waail akakataa kumlipa, na Makuraishi wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan kuapa kwamba aliyedhulumiwa hatabaki peke yake. Mtume (S.A.W.) alihudhuria kabla ya utume, na baadaye akasema angeitwa tena katika Uislamu angeitikia. Majirani zetu nao wamelifanya zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kutoa msaada wa kisheria mwaka 1969 kupitia kitivo chake cha sheria, na Zanzibar ina Kituo cha Huduma za Sheria tangu 1992.

Wiki mbili baadaye nilimtafuta yule mama, nikamwomba msamaha, nikamweleza thumni yake. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niiandike. Tukaiandika mimi na rafiki yangu, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, aifikishe mbele ya bashingantahe, maana kwenye upatanishi Mwislamu anaweza kukumbushwa lile ambalo hakimu hatalazimika kulitazama.

Halafu nikaenda kwa mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia sikutumwa. Tangu siku hiyo salamu yangu anaiitikia kwa sauti ndogo. Shauri bado halijaisha. Kikao kijacho kimepangwa, na mama ameniomba nikalimani.

Karatasi ya wanaotaka kuwasindikiza wenzetu wa sheria likizo hii imebandikwa mlangoni mwa musalla, upande wa viatu. Wanahitajika hasa dada, kwa sababu wengi wanaokuja ni wanawake na kuna mambo hawatamwambia mvulana.

Wabillahi tawfiq.