Bundi Hana Hatia

Masomo ya wiki: Ayubu 12:7–10, Yeremia 8:7, Mathayo 6:25–34



Sehemu ya Mathayo tunayoisoma wiki hii kila mmoja wetu anaijua, na labda ndiyo maana hatuisikii tena. Huisoma msibani. Huisoma karo inapokosekana, na masika yanapokawia mahindi yakaanza kunyauka. Tunairukia faraja iliyomo, kwamba Baba anajua haja zetu, tunasema amina na kufunga kitabu. Lakini faraja hiyo imetanguliwa na agizo, tena halina fumbo: Bwana aliwaambia wasikilizaji wake wainue macho wawatazame ndege. Halafu akawapeleka kwenye maua ya kondeni. Wengi wetu tumewahi kuungama kwamba tuna wasiwasi mwingi. Sijasikia bado mtu akiungama kwamba hajawahi kumtazama ndege.

Watu wa Biblia walitazama. Yeremia alipotaka kuwasuta watu wake kwa kuisahau sheria ya Bwana, aliwawekea mbele koikoi, hua, mbayuwayu na korongo, ndege wanaojua wakati wa kuja na wakati wa kwenda. Nabii yule alikuwa amewaona wakipita juu ya nchi yake mwaka baada ya mwaka, na wasikilizaji nao waliwajua, la sivyo maneno yake yasingemchoma mtu. Sulemani tunamsifu kwa kesi ya wale wanawake wawili na mtoto, tukisahau kwamba Kitabu cha kwanza cha Wafalme kinahesabu katika hekima yake pia elimu ya miti, kuanzia mwerezi wa Lebanoni hadi hisopo ya ukutani, na ya wanyama, ndege, watambaao na samaki. Naye Ayubu anawaelekeza wale rafiki zake wenye maneno mengi wakawaulize wanyama, wafundishwe.

Tuje kwetu. Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi, ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Kuna watu wanaoweka akiba miaka mingi, wakavuka bahari, ili wasimame humo asubuhi moja tu. Sisi tunaupita ndani ya matatu tukitazama simu. Niliwaambia vijana wa kipaimara wanitajie ndege kumi wa hapa petu. Walianza na kunguru, wakaja mwewe na njiwa, kisha wa nne akataja bata wa nyumbani kwao. Na huyo kunguru mwenyewe, kwa taarifa yenu, ni mgeni aliyeletwa kutoka Bara Hindi.

Ndiyo sababu darasa la kipaimara lilihamia msituni kwa siku nzima, na baadhi ya akina mama wakaomba kufuatana nasi. Tulipokewa na mwongozaji, kijana aliyezaliwa na kukulia kijiji cha kando ya msitu, amejifunza kazi hiyo na anaishi kwayo. Kabla ya kutaja jina la kiumbe chochote alitusimamisha njiani tusiseme neno. Kwa kanisa lililozoea vipaza sauti, niseme ukweli, hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kwingine kote. Ilichukua muda mpaka mikoba ikaacha kuchakarisha na vicheko vikakoma. Ndipo msitu ukaanza kusikika: huyu juu ya mrihi, yule chini kwenye majani makavu, mwingine mbali akiitikiwa na mwenzake.

Yule kijana alitufundisha kutazama udongo kwanza. Kwenye mchanga mweupe hukaa mirihi, miti iliyoachana, mwanga unaingia hadi chini. Ukifika kwenye udongo mwekundu miti inasongamana, inakuwa mifupi, matawi yanafumana hata mtu hapenyi, na hapo ndege ni wengine. Mwongozaji aliinama, akaingia kichakani peke yake, akakaa. Aliporudi alituita wachachewachache.

Walikuwa bundi wawili. Wamekaa kwenye tawi moja lililo chini kidogo kuliko kichwa cha mtu mzima, wamegusana bega kwa bega, macho nusu yamefumbwa. Mmoja wa kijivu, wa pili rangi ya kutu. Urefu wao ni sentimita 16 tu, basi rula ya mtoto wa shule inawazidi. Manyoya yao yana vitone na michirizi inayofanana kabisa na gamba la mti ule, hivi kwamba baadhi yetu walielekezewa mara kadhaa na bado wanauliza, wako wapi? Bundi hawa wataalamu waliwatambua mwaka 1965 tu, na makao yao duniani ni msitu huu na sehemu chache nyingine, mojawapo ikiwa chini ya milima ya Usambara Mashariki kule Tanzania. Chakula chao ni wadudu.

Mama mmoja mzee, msharika tangu enzi za mchungaji wa kwanza wa mtaa wetu, aliwatazama muda mrefu. Kwao, alituambia, bundi akilia juu ya paa hutupiwa kijinga cha moto, maana ametumwa. Akamgeukia mwongozaji: "Mwanangu, ndiye huyu?" Yule kijana, kwa adabu, akamjibu kwamba bundi wako wa aina nyingi, na anayelia juu ya mapaa ni mkubwa kuliko hawa, lakini hakuna hata mmoja aliyetumwa. Mama akanyamaza. Baadaye, tulipokaa kula, alisema kwamba wamewaua wengi.

Hapo nataka tukae kidogo. Makanisa yetu yanahubiri kila juma dhidi ya uchawi. Tunakemea, tunafunga, tunakesha. Kisha bundi akitua kwenye mnazi tunafanya yaleyale waliyofanya wasiomjua Kristo, tena tukiwa tumevaa rozari au beji ya umoja wetu. Mahubiri hayakuweza kuiondoa hofu ile miaka yote. Kilichoanza kuiondoa ni mtu kusimama karibu na ndege mwenyewe akamwona anasinzia. Yule bundi mweupe wa usoni anayekaa kwenye madari ya makanisa na maghala yetu anakula panya. Panya hao ndio wanaokula mahindi yetu. Tukimuua bundi, kisha tukatega sumu ya panya, kisha tukaombea mavuno, sijui tunataka mbingu ijibu lipi.

Njiani kurudi, kitu kilikurupuka mbele yetu kikiruka kwa miguu mirefu ya nyuma, pua kama mkonga mfupi, makalio ya manjano yanayong'aa. Ni sengi, ambaye wengine humwita sange. Vijana walimwita panya. Mwongozaji akawakatalia: damu yake iko karibu zaidi na tembo, nguva na wibari kuliko panya yeyote. Wibari mnamjua, ni yule wa Zaburi ya 104 anayekimbilia majabali. Sengi huyu huishi dume na jike wawili katika eneo lao moja, na wakishapatana aghalabu hawaachani. Nilikuwa natafuta mfano kwa ajili ya somo la ndoa, sikuongeza neno.

Siku nyingine ya mafunzo ilikuwa ya hori la Mida, na hii nitaipitia haraka ingawa haistahili haraka. Kuna kituo cha mafunzo kiitwacho Mwamba pale Watamu, cha A Rocha Kenya, shirika la Kikristo la uhifadhi. A Rocha ilianzia Ureno mwaka 1983, nyumbani kwa mchungaji wa Kianglikana na mkewe, Peter na Miranda Harris. Miongoni mwa kazi za kituo hiki ni kuwavisha ndege pete ndogo za chuma zenye nambari, ili ndege akikamatwa tena popote ijulikane ametoka wapi. Vijana walionyeshwa jinsi ya kumshika kitwitwi: shingo inapita katikati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo umelala kiganjani, huku mabawa yamefungwa na vidole vilivyobaki bila kumbana. Kitwitwi yule mwenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini ana uzito wa gramu 60 hivi. Huzaliwa kaskazini kabisa ya Siberia, akaja kwetu kula vijidudu vya matopeni kwenye mikoko, na ufikapo Aprili anaondoka kurudi. Yeremia angemtambua mara moja kama jamaa ya ndege zake. Binti mmoja alipewa amwachilie. Alifungua mkono, ndege akabaki amekaa kiganjani kitambo kidogo, kisha akaenda.

Lakini habari iliyonigusa kuliko zote si yetu, ni ya jirani zetu wa Dakatcha, upande wa Magarini, kaskazini magharibi ya Malindi. Kuna mnana mmoja, kifua cha manjano na kichwa cheusi, ambaye hapatikani popote duniani ila katika kaunti hii ya Kilifi. Wenye vitabu walimwandika mwaka 1913 wakampa jina la Clarke. Tangu hapo walijua anaonekana Arabuko-Sokoke, huja kwa makundi na kutoweka, lakini hakuna mtaalamu aliyejua anajenga wapi kiota chake. Miaka 100. Walikuja na magari, darubini na fedha, wasipate. Mwaka 2013 kikundi cha uhifadhi cha wenyeji wa Dakatcha, pamoja na wenzao wa shirika la Nature Kenya, akiwamo Fleur Ng'weno, walivikuta viota kwenye ziwa dogo la msimu lililojaa matete baada ya mvua.

Fleur Ng'weno ndiye aliyeanzisha mwaka 1971 yale matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Wiki kwa wiki, kwa miongo, watu wasio na shahada yoyote ya sayansi wamefundishwa kutazama: karani, mwanafunzi, mstaafu. Wengi wa waongozaji na watafiti wa ndege wanaoheshimika nchini walipita mikononi mwa matembezi yale. Fikirini huduma ya namna hiyo, isiyo na mkutano mkubwa wala bango, inayofanyika tu kila Jumatano. Kanisa lina la kuiga hapo, na silisemi kwa kejeli.

Najua kuna anayesema moyoni: haya ni mambo ya wazungu, sisi tuna njaa. Nalielewa neno hilo, kwa kuwa njaa ninaiona kila ninapotembelea nyumba zenu. Tena ni kweli kwamba kwa miaka mingi jirani wa msitu alipata humo hasara tu: tembo shambani, nyani kwenye mahindi, askari akikuta kuni kichwani pa mama. Watu wengi walitamani msitu wote ufyekwe wagawane mashamba, na sikuwalaumu. Lakini kujua kumeleta pia mkate. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede umewafundisha wakulima kufuga vipepeo wa msituni, na pupa wao huuzwa nje. Ile njia ya mbao iliyoning'inia juu ya mikoko ya Mida, kiingilio chake huingia katika mfuko wa ASSETS, ambao tangu 2001 unawalipia karo ya sekondari watoto wa familia za kando ya msitu na hori. Baadhi ya watoto hao wamekaa kwenye mabenchi haya mnayokalia. Mwongozaji wetu naye analisha nyumba yake kwa kujua bundi anakolala.

Hata pasipokuwa na shilingi, agizo la Bwana liko palepale. Wako washarika wetu wanaochoma makaa Dakatcha. Sitawataja na sitawafukuza mezani pa Bwana. Ninachotaka ni waende kwanza na mwongozaji wakawaone mnana wale, kisha tuzungumze. Mtu hukata asichokijua bila dhamiri kumsumbua, na sheria peke yake imeshindwa kumzuia, mmeona wenyewe.

Na msiende peke yenu mara ya kwanza. Nawashauri hivyo kwa sababu ya wale bundi: tungepita pale tukiimba, na tungerudi nyumbani tukisema msituni hakuna kitu. Mtafuteni anayejua. Wengine wako ndani ya nyumba zetu. Yule kijana wa kipaimara aliyezoea kutega kwale ndiye aliyetambua sauti nyingi kuliko mwalimu wake, na babu wengi wanajua kwa Kigiriama majina ya ndege ambayo hayajaandikwa kitabuni. Waulizeni kabla hatujawazika.

Siku ya mafunzo itakuwa tena Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kwa watu wazima na watoto wa kuanzia miaka kumi. Tutakutana kituo cha msitu cha Gede saa kumi na moja na nusu alfajiri, si saa ya Kiafrika. Vaeni viatu vilivyofunika vidole, nguo zisizong'aa, mje na maji ya kunywa, na simu zizimwe. Andikisheni majina kwa katibu wa mtaa kabla ya Jumatano. Asiyeweza kulipa kiingilio anione mimi, tusimwache nyuma.