Kutisha na Kuonya si Jambo Moja

Liko suala ambalo kila anayesimamia afya ya watu hukutana nalo, na mara nyingi hulipita bila ya kulijibu: Je, yafaa kumtia mtu khofu ili aokoke na maradhi? Wengi watajibu upesi kuwa yafaa, tena ni wajibu. Kwani aliyelala katika nyumba inayowaka moto haamshwi kwa sauti ya upole. Jawabu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Mtu aliyeamshwa kwa ukelele, kisha akakuta mlango umefungwa kwa nje, hakuokolewa. Ameongezewa adhabu juu ya adhabu, nayo ni kuyajua mauti yake kabla hayajamfika.

Kwa hivyo twataka kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kutisha ni kumwonyesha mtu khatari. Kuonya ni kumwonyesha khatari pamoja na njia ya kuiepuka, na kuhakikisha kwamba njia hiyo yeye aweza kuipita. La kwanza ni jepesi, lahitaji rangi na karatasi tu. La pili lina gharama na taabu, na kwa ajili hiyo watu wengi hulifanya la kwanza wakaliita kwa jina la pili.

Mfano wetu tutauchukua kutoka Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria. Huenda msomaji wa Mombasa au Lamu akasema kuwa huko ni mbali. Si mbali. Tangu reli iliyoanzia Mombasa ilipofika ziwani mwaka wa 1901, bandari hizi mbili zimefungwa kwa kamba moja. Bidhaa hupita, watu hupita, na maradhi hupita pamoja nao.

Ukimwi ulitambuliwa katika Kenya mwaka wa 1984. Kwa miaka mingi iliyofuata hapakuwa na dawa ambayo mtu wa kawaida angeweza kuipata. Mabango yakatundikwa njiani na hospitalini, yenye mafuvu na miili iliyokonda, na maneno mafupi kwamba Ukimwi unaua. Novemba 1999 serikali ikatangaza kuwa maradhi hayo ni janga la taifa. Nyanza ndiyo iliyopigwa zaidi: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003 ulikuta virusi katika watu wazima kama 7 katika kila mia kwa nchi nzima, lakini katika Nyanza walikuwa kama 15 katika kila mia.

Basi hapana awezaye kusema kuwa watu wa Nyanza hawakuogopa. Waliogopa sana, na walizika sana. Lakini khofu iliyokosa njia haitulii mahali pamoja ikamngoja mwenyewe aifanyie kazi. Hutafuta mlango wa kutokea, na milango yake ni mitatu.

Mlango wa kwanza ni kukanusha. Wajaluo wengi, walipomwona mtu anakonda na kudhoofika, walisema kuwa amepatwa na chira, nayo ni maradhi yanayomfika aliyevunja mwiko wa jamaa zake. Msomaji asiharakishe kuwacheka. Chira ilikuwa na dawa yake, iitwayo manyasi, na wazee waliijua. Ukimwi wa bangoni haukuwa na dawa yoyote. Mtu aliyepewa khiari baina ya maradhi yenye mlango na maradhi yasiyo na mlango, moyo wake utaelekea wapi? Aliyechora fuvu alidhani anauondoa ujinga, kumbe alikuwa akiwasukuma watu kwenye ile ile itikadi aliyotaka waiache.

Mlango wa pili ni kulaumu. Bango lililoonyesha dereva wa lori na mwanamke wa mabaa lilimwambia kila mwengine kuwa jambo hili si lako. Mkulima akaridhika, mwalimu akaridhika, na mke aliyetulia nyumbani kwake akaridhika, ilhali maradhi yalikwisha kuingia nyumbani kwa mlango wa halali. Na mume alipokufa, ni mara ngapi mjane alitazamwa kama aliyemwua!

Mlango wa tatu ni kuficha. Ikiwa kujua ni sawa na kuhukumiwa kufa, mwenye akili hatakwenda kupimwa. Na akipimwa hatasema. Na asiposema, wa karibu yake hawatajikinga. Hivyo khofu iliyotiwa ili kuzuia maradhi ikawa ndiyo kivuli ambacho maradhi yalijificha ndani yake.

Haya si maneno ya kubahatisha. Wataalamu wa elimu ya nafsi wameyachunguza kwa muda mrefu. Mwaka wa 1953, katika Marekani, Irving Janis na Seymour Feshbach waliwasomea wanafunzi khutuba juu ya usafi wa meno. Kundi moja lilitishwa sana kwa picha za kuchukiza, jengine kidogo, na jengine kidogo zaidi. Waliotishwa sana ndio waliofadhaika zaidi, lakini waliotishwa kidogo kabisa ndio waliofuata zaidi mafundisho. Wataalamu wa baadaye hawakukubali kwamba khofu nyingi hudhuru siku zote, nao walikuwa na hoja. Mwaka wa 1965 Howard Leventhal na wenziwe walichapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya pepopunda. Waliwatisha wanafunzi wa chuo kikuu, kisha baadhi yao wakawapa pia ramani ya mahali pa kuchanjwa, na wakawataka wapange saa ya kwenda. Waliopata ile ramani walikwenda zaidi ya mmoja katika kila wanne. Waliotishwa bila ya ramani walikwenda kama watatu katika kila mia. Wote walikuwa wasomi, na hapana aliyekuwa hajui kituo cha afya kiko wapi! Lakini khofu yahitaji kushikwa mkono na kuonyeshwa njia hata ile inayoijua.

Kim Witte alilitengeneza jambo hili likawa kanuni mwaka wa 1992. Alisema kuwa mtu anayetishwa hujiuliza mambo mawili: je, khatari hii ni kubwa na yanihusu? Na je, liko ninaloliweza? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, huipiga vita khatari. Akijibu ndiyo kwa la kwanza na la kwa la pili, huipiga vita khofu yenyewe, kwa kukanusha au kugeuza uso. Kisha yeye na wenziwe wakaja kuipima kanuni hiyo katika Kenya, kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kwenda bara, wakazungumza na madereva wa malori, wanawake wa njiani na vijana. Walichokichapisha mwaka wa 1998 ni kwamba khatari ilikuwa imekwisha kujulikana vya kutosha. Kilichopungua ni watu kuamini kuwa kinga yafaa, na kuwa wao wenyewe wanaiweza.

Kuweza huku si jambo la moyoni tu. Liko mfukoni pia. Katika fuo za ziwa iko desturi iitwayo jaboya: mwanamke mchuuzi hapati samaki kwa mvuvi mpaka awe na uhusiano naye wa mwili, kwani samaki ni wachache na wanunuzi ni wengi. Mwanamke huyo ukimwonyesha fuvu, utamfundisha nini asichokijua? Anaijua khatari kuliko aliyelichora. Asichokuwa nacho ni samaki wa kuuza wala chakula cha watoto wake. Na mvuvi anayekwenda ziwani kila usiku, akijua kuwa mawimbi yaweza kumchukua kabla ya alfajiri, humtishi kwa maradhi yatakayomwua baada ya miaka kumi. Katika kijiji cha Nduru, karibu na Kisumu, kiasi cha mwaka wa 2011 baadhi ya wanawake walisaidiwa kupata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wavuvi, na samaki wakawa wao. Mambo hayakunyooka yote, na mafuriko ya 2020 yakakiharibu kijiji hicho. Lakini fundisho limebaki: mashua moja yaonya kuliko mafuvu elfu, kwa kuwa yatoa njia.

Hapa mtu aweza kutukabili akasema: Nyinyi mwataka watu wabembelezwe. Baba humtisha mwanawe asicheze na moto, na bila ya khofu watu wangeghafilika wakaangamia. Twajibu kuwa hatuikatai khofu, kwani hiyo ni neema. Asiyeogopa chochote haishi sana. Imamu Ghazali, katika Ihyaa, aliifananisha khofu na mjeledi, akabainisha kuwa ikipungua haina faida, na ikizidi humtupa mtu katika kukata tamaa, na huko pia hakuna faida. Wala hakuiweka peke yake. Aliieleza pamoja na rajaa, yaani matumaini, katika kitabu kimoja. Mjeledi humwendesha mnyama ikiwa mbele yake kuna njia. Anayempiga mnyama aliyefungwa kigingini, huyo haendeshi, bali anatesa.

Na baba wa mfano huo, tazama afanyavyo: hamtishi mwanawe kisha akaenda zake. Humtisha, akamvuta mkono, akauondoa moto. Khofu ya mtoto yaambatana na mkono wa baba. Basi anayetaka haki ya baba ya kutisha, na achukue pia wajibu wa baba wa kuvuta mkono.

Ushahidi mkubwa zaidi umetoka Nyanza yenyewe. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoenea, na mwaka wa 2006 zikaanza kutolewa bila ya malipo katika hospitali za serikali, kupimwa kukawa na maana. Jawabu la maabara halikuwa tena hukumu, lilikuwa mwanzo wa matibabu. Na leo yajulikana kuwa anayemeza dawa barabara mpaka virusi visionekane katika damu yake, hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Hivyo hivyo katika jambo la tohara. Baina ya 2002 na 2006 walichunguzwa Kisumu vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, ikaonekana kuwa tohara huipunguzia wanaume khatari ya kuambukizwa kwa kiasi cha nusu au zaidi, ingawa si kinga kamili. Wajaluo hawakuwa na desturi hiyo, na baadhi ya wazee waliona kuwa wanatakiwa waache ujaluo wao. Lakini tangu 2008, ilipoanza kutolewa bure na karibu na watu, na viongozi wao wakaiunga mkono waziwazi, vijana waliikubali kwa wingi. Hawakuambiwa tu: mtakufa. Waliambiwa: liko hili, mahali pake ni hapa, na halina malipo.

Uchunguzi wa 2018 ulikuta Kisumu watu wazima 17.5 katika kila mia wana virusi, ilhali nchi nzima ni 4.9. Atakayeisoma hisabu hiyo kwa jicho la khofu ataona makaburi tu. Lakini ndani yake wamo wengi walio hai kwa sababu ya dawa, wanaolima, wanaovua na wanaolea. Hisabu moja yaweza kutisha na yaweza kutumainisha, na anayeitangaza ana dhamana ya kuzisema pande zake zote mbili.

Ingedhaniwa kuwa fundisho hili limekwisha kushika. Lakini Aprili 2020, katika kaunti ya Siaya, maiti ya mtu aliyekufa kwa Korona ilizikwa usiku kwa haraka, bila ya jeneza, na picha zake zikaenea nchi nzima. Waliotakiwa kuzika hivyo walitaka kuwakinga watu. Walichowafundisha watu ni kwamba mwenye maradhi haya hana heshima, hai wala maiti. Wakati huo huo waliowekwa karantini walitakiwa wajilipie gharama, na waliovunja amri ya kutotoka nje usiku wakatiwa humo humo, hata karantini ikafanana na gereza. Mwezi wa Mei, Mji wa Kale wa Mombasa na Eastleigh ya Nairobi zikafungwa, na wengi katika wakaazi wakasita kujitokeza kupimwa. Watu wakawalaumu kwa ujinga. Sisi twasema haukuwa ujinga, ilikuwa hisabu. Mtu alipima: nikijulikana nitapoteza nini, na nitapata nini? Akaona hasara iko wazi na faida haionekani. Serikali ilipotangaza mwezi huo kuwa itabeba gharama katika vituo vyake, ilikuwa imekiri kwa vitendo kuwa khofu peke yake haikutosha.

Yatupasa basi kila anayetaka kuwatia watu khofu juu ya maradhi, akiwa ni daktari, chifu, khatibu au mwandishi wa gazeti, ajiulize kwanza masuala matatu. Je, nimewaonyesha la kufanya, kwa maneno ambayo mchuuzi wa samaki atayafahamu? Je, aliye masikini kuliko wote katika wanaonisikiliza aweza kulifanya? Na je, maneno yangu yatamfanya mgonjwa ajitokeze, au yatamfanya ajifiche? Likimshinda moja katika hayo, na anyamaze kwanza, akatafute dawa, maji safi au mashua, kisha ndio arejee na bango lake.

Na sisi tunaosikiliza tuna wajibu wetu. Jirani akiugua, tusiwe sisi ndio bango la pili mlangoni pake. Kipindupindu kisipotibiwa chaweza kuua hata nusu ya wanaougua sana, na kikitibiwa kwa maji ya chumvi na sukari na dawa za hospitali hakiui hata mmoja katika mia. Tofauti ya hisabu hizo mbili mara nyingi ni saa chache tu, nazo ni zile saa ambazo mgonjwa alifichwa chumbani kwa kuogopa watu watasemaje. Anayemfikisha mgonjwa hospitalini katika saa hizo amefanya kazi ambayo bango haliwezi kuifanya, na anayemfanya afichwe ana sehemu yake katika kifo hicho, hata kama hakumgusa.