Hebu Sikiliza Hapo

Ukishuka kwa probox pale Gachoka, kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Kiritiri, utasikia gitaa kabla hujamaliza kulipa nauli. Hilo ni duka la anko wangu. Anatengeneza redio na simu, na spika aliyoiweka mlangoni haizimwi mpaka jioni. Jumapili mchana watu hukaa hapo kwenye benchi na muguka zao, na ubishi huwa ni ule ule: wimbo gani wa Les Wanyika ni bora kuliko zote?

Anko husema "Sina Makosa", na hasogei. Fundi wa boda wa pale jirani husema "Paulina". Mwalimu mmoja mstaafu huwaambia wote wawili wamepotea, eti wangerudi kwa Simba Wanyika yenyewe, kabla bendi haijagawanyika. Wamebishana hivyo tangu niwe mtoto. Nilidhani wakubwa wote hufanya hivi baada ya kanisa.

Likizo moja ya Agosti nilikuwa nimekaa hapo nikingoja simu ijae chaji, nikajitosa. Nikasema, "Mimi naona *Amigo* ndiyo kali." Ile albamu yao ya miaka ya 1990, walipokuwa wamezeeka kidogo.

Wakacheka. Mwalimu akasema, "Wewe kasichana, 'Sina Makosa' ikitoka hata mama yako alikuwa hajaanza shule."

Nikachomeka. Nikatoa ile sentensi ambayo sote tumeshawahi kuitoa: "Sawa basi. Kila mtu na ladha yake."

Nilidhani nimeongea kama mtu mzima. Nimeheshimu kila mmoja, nimezima moto. Lakini fundi aliinuka akarudi kwa pikipiki yake. Mwalimu akafungua gazeti. Anko akaniangalia, akapunguza sauti ya spika, akasema, "Sasa umetufungia duka."

Nimekuwa nikifikiria hayo maneno tangu siku hiyo. Swali langu ni hili: nikimwambia mtu "kila mtu na ladha yake", nimemheshimu au nimemfukuza?

*

Kwanza tuelewane wanabishania nini. Simba Wanyika ilianzishwa na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliopitia Arusha kabla ya kuhamia Kenya. Mwaka 1978 bendi ilipasuka. Omari Shabani, mpiga gitaa la ridhimu ambaye mashabiki walimwita Profesa, aliondoka na wenzake, akiwemo Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. Wakamchukua John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipiga muziki hapa Kenya, wakajiita Les Wanyika. Walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa, kisha ikatoka "Sina Makosa". Mpaka leo, ingia arusi yoyote, ingia baa yoyote yenye watu waliopita miaka arobaini, utaikuta.

Hao watu walitoa muziki wao zaidi kwa santuri ndogo. Wimbo mrefu ulikatwa katikati: nusu upande wa kwanza, unageuza, nusu ya pili. Ndiyo maana wazee wa Gachoka hawabishanii albamu kama sisi tunavyobishana kama *Live and Die in Afrika* ya Sauti Sol inaishinda *Midnight Train*. Wao wanabishania wimbo mmoja mmoja, na wakati mwingine upande mmoja wa wimbo. Anko anaweza kukuambia upande wa pili ndio wenye utamu na wa kwanza ni wa kukukaribisha tu.

Kwa hivyo mimi na *Amigo* yangu nilikuwa naleta kipimo kingine kabisa. Hilo lingeweza kuwa jambo la kuzungumza. Lakini nilishafunga duka.

*

Nilirudi Nairobi, na huko nikakutana na ubishi ule ule ukiwa umevaa nguo nyingine. Mwenzangu wa nyumba hapo Roysambu anafanya kazi ya kurekodi sauti, na ana ugonjwa mmoja unaoitwa Can.

Can ni bendi ya Ujerumani iliyoanza mjini Cologne mwaka 1968. Wawili wao, Holger Czukay na Irmin Schmidt, walikuwa wanafunzi wa mtunzi Karlheinz Stockhausen. Ngoma alipiga Jaki Liebezeit, aliyetoka kwenye jazi. Mwimbaji wao wa pili, Damo Suzuki wa Japani, walimkuta akiimba barabarani huko Munich. Wakiwa naye walitoa albamu tatu ambazo mashabiki wao hawaachi kuzipigania: *Tago Mago* ya 1971, *Ege Bamyasi* ya 1972, na *Future Days* ya 1973.

Jumamosi moja marafiki zake wawili walikuja, na nikaona Gachoka nzima imeketi kwa sofa letu. Mmoja alisema *Tago Mago*, kwa sababu hakuna bendi nyingine iliyokuwa na ujasiri wa kiasi hicho. Wa pili akasema ujasiri si kitu kama huwezi kujizuia, na *Ege Bamyasi* haina dakika ya kutupa. Mwenzangu akasema wote wamekosa, *Future Days* ndiyo ya kusikiliza ukiwa na miaka thelathini na umechoka kupigiwa kelele. Mimi nilikuwa na wiki mbili tu za kuwasikiliza hao Wajerumani. Nilipofungua mdomo, yule wa kwanza akatabasamu: "Wewe bado mgeni." Nikamkumbuka mwalimu.

Mwenzangu hakucheka. Alirudisha "Halleluhwah", wimbo wa zaidi ya dakika kumi na nane, akasema, "Wacha sauti. Fuata ngoma peke yake." Nikafuata. Liebezeit hupiga mpigo ule ule, anarudia, anarudia, mpaka unagundua kwamba wewe ndiye unayebadilika. Na pale katikati nikasikia kitu ninachokijua. Si kwamba unafanana na rumba, la. Lakini ile imani kwamba jambo dogo likirudiwa vizuri litafunguka lenyewe, nilishaisikia mlangoni kwa anko.

*

Wanafalsafa walilihangaikia swali hili mapema. David Hume, Mskochi, aliandika insha kuhusu kipimo cha ladha mwaka 1757. Humo kuna kisa alichokitoa kwa *Don Quixote*: jamaa wawili wanaulizwa kuhusu divai. Mmoja anaonja, anasema ni nzuri ila ina ladha ya ngozi. Wa pili anasema ni nzuri ila ina ladha ya chuma. Watu wanawacheka. Pipa likaja kumalizika, na chini kabisa wakakuta ufunguo uliofungwa kwa kamba ya ngozi.

Mbeere wangeelewa kisa hicho haraka. Mzee anayejua muratina akionja atakuambia kama asali ilitosha na kama imechacha vya kutosha, na wewe uliyekunywa kikombe kizima hujasikia lolote. Hume anasema basi, wapo wenye ulimi mkali kuliko wengine. Tuwasikilize.

Nampa Hume nusu. Fundi wa boda husikia vitu kwenye gitaa ambavyo mimi sivisikii, na kukataa hilo ni kiburi. Lakini kwa muziki hakuna pipa la kumaliza. Hakuna siku tutakayofika chini ya "Paulina" tukute ufunguo, fundi aseme, "Niliwaambia." Pia usiniletee idadi ya waliotazama YouTube. Hiyo inatuambia wimbo ulichezwa mara ngapi, na hata kengele ya shule huchezwa mara nyingi.

Immanuel Kant, Mjerumani wa zamani kuliko Can, aligusa hapo mwaka 1790. Alitenganisha vitu viwili ambavyo hata mtaani tunavitenganisha bila kusoma. Nikisema "napenda chai bila sukari", hakuna atakayebishana nami. Hiyo ni habari yangu mimi. Lakini nikisema "hii ngoma ni kali", nimesema kitu kuhusu ngoma, na ninataka ukubali. Ndiyo maana nakusukumia hiyo spika ya sikio hata kama hujaniomba. Siwezi kukuthibitishia kama hesabu, lakini naongea kana kwamba ungepaswa kusikia ninachosikia.

Sasa tazama nilichofanya pale dukani. Watu watatu walikuwa wanasema "ni kali". Mimi nikawajibu kana kwamba wamesema "napenda". Niliyashusha maneno yao yakawa habari za ndani ya vichwa vyao, kama nani anapenda sukari na nani hapendi. Baada ya hapo wangeniambia nini?

*

Lakini siwezi kuwaacha wale wazee waende hivi hivi. Kuna sababu iliyonifanya nikimbilie ile sentensi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba masikio yangu hayahesabiki kwa sababu ya mwaka niliozaliwa. Wasichana wengi mnaosoma hapa mnajua hali hii: unataja albamu, na jamaa badala ya kukujibu anakufanyia mtihani. Taja mpiga besi. Taja mwaka. Ukikosa, umetolewa nje. Kwa mtu anayetwangwa hivyo, "kila mtu na ladha yake" ni mlango wa kutokea, na simlaumu anayeupita.

Ila mimi nilifanya vile vile. Binamu yangu alikuja Roysambu akakuta *Tago Mago* inacheza, akasema, "Hii si ni kelele tu?" Nikamjibu, "Bado hujafika huko." Miezi miwili ya kuijua bendi, na tayari nimekuwa mwalimu mstaafu! Sikumwonyesha kitu. Sikumuuliza ni kelele wapi. Nilimwambia tu kwamba kuna mahali mimi nipo na yeye hayupo.

Kwa hivyo naona kuna njia mbili za kumkosea mtu katika ubishi kama huu. Ya kwanza ni kumwambia hana masikio. Ya pili ni kumwambia masikio yake ni yake, abaki nayo. Ya kwanza inaonekana jeuri na ya pili inaonekana ustaarabu, lakini zote zinafika mahali pamoja: hakuna atakayesikiliza tena. Heshima iko kwenye kazi ngumu zaidi, ya kusema "hebu sikiliza hapo", kisha kukaa tayari kwamba mwenzako naye atasema "na wewe sikiliza hapa", na pengine utabadili mawazo mbele ya watu. Kama hauko tayari kubadilika, unahubiri.

*

Desemba nilirudi nyumbani. Nikamkuta anko peke yake, ameinamia simu iliyovunjika kioo. Nikamwambia, "Anko, nionyeshe. Hiyo 'Sina Makosa' ni kali wapi?"

Hakushangaa. Aliiweka, akangoja, akainua kidole. "Besi. Usisikilize inapopiga. Sikiliza inaponyamaza." Tom Malanga anaacha mapengo, na gitaa zinapita ndani ya hayo mapengo kama watu wanaopishana kwa mlango mwembamba bila kugusana. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuyasikia hayo mapengo.

Baadaye, jioni, ndipo aliponiambia kwamba santuri hiyo ililetwa na kaka yake mkubwa alipokuja Krismasi kutoka Nairobi. Huyo ni mjomba ambaye mimi simjui, alifariki kabla sijazaliwa. Anko alikuwa kijana wa miaka kumi na tano. Waliicheza mpaka sindano ikachoka.

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuitaja hiyo stori kwa benchi, miaka yote hiyo ya kubishana.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Fundi ataifanyia nini? Besi ndiyo anaweza kuisikia."

Hilo ndilo nililolikosa Agosti. Alikuwa na sababu ambayo ingenyamazisha kila mtu, maana nani atabishana na marehemu? Na hakuitumia. Aliiweka kando akatafuta kwenye wimbo kitu ambacho hata mgeni angeweza kukisikia, akatupa hicho. Na mimi nikamjibu kwa ladha.

"Haya," akasema, "lete hiyo *Amigo* yako."

Nikaunganisha simu na spika. Nikamwonyesha ninapopenda: jinsi wanavyopiga bila haraka, kama watu ambao hawana tena bendi ya kuishinda. Profesa Omari alifariki mwaka 1998, na Ngereza mwaka 2000, kwa hivyo ukiisikiliza leo unajua kitu ambacho wao hawakukijua. Nikaanza kusema hivyo, nikajizuia. Hiyo haimo kwenye gitaa. Nikamwambia asikilize gitaa.

Alisikiliza wimbo mzima akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni safi," akasema. "Safi sana, hata."

"Hiyo ni sifa au lawama?"

"Ngoja. Irudishe."

Fundi wa boda alikuwa ameshasikia, anavuka barabara akifuta mafuta mikononi, na kabla hajafika kwa benchi alikuwa tayari anapiga kelele kuhusu "Paulina".